Mayai Yasiyotingishika

Huruma, Eldoret
Jumatatu, 9 Machi

Mama, nakuandikia kwa simu, stima imerudi saa hii lakini mayai zako ulizonitumia niangue zimepoa kama mawe. Nakusalimia lakini. Mguu unaendeleaje? Mimi niko mzima, ni roho tu haitulii.

Stima ilipotea jana tukiwa kanisani. Nilipofika kazini nikafunika mashine ya kuangua na blanketi yangu. Bosi Simeon akacheka, akaniuliza kama pia nitaziimbia. Anasema zimekufa, nizitoe, kuna mteja anataka nafasi. Nikamwomba aningojee kidogo. Kubishana siwezi, unanijua.

Najua kuku zako zote zilimalizwa na ugonjwa wa kideri, ni hizi mayai tu zimebaki. Nazimulika na tochi. Naona mishipa nyekundu, sijui kama ni damu inatembea ama ni mwanga wa tochi unacheza. Mama, kitu kinaanza kuwa hai saa ngapi? Pasta anasema uhai ni pumzi. Sasa ndani ya yai kunapumuliwa nini?

Kijana wako, Mabonga

Kimilili
Jumanne, 10 Machi

Kijana wangu, huku tunasukuma maisha. Mguu ni ule ule. Wewe unakula?

Hiyo ya pumzi siijui. Mbegu ya mahindi inalala kwa gunia mwaka mzima, hatuioni ikipumua, na tukiipanda inaamka. Usitupe kitu. Kuku mwekundu alikufa akiwa amezilalia, nikazitoa chini yake zikiwa na joto. Zipatie joto tu.

Mama yako

Jumatano, 11 Machi, asubuhi

Mama, umeamkaje? Mimi sikulala.

Simeon amenionyesha njia yao ya kupima mayai. Unaweka yai kwa maji vuguvugu, iliyo hai inatingishika yenyewe. Na zimetingishika, mama! Moja ilizunguka kama mtu anatafuta mlango. Lakini zingine zilikaa kimya. Nikaziangalia mpaka maji ikapoa. Simeon akaniambia, "Kijana, hii ni kazi, si matanga."

Za kimya nimempatia Austine, yule jirani hukuja na mkokoteni kuchukulia nguruwe zake mayai zilizokufa. Sasa nimekaa nafikiria, hata mimi nikishikwa na usingizi sitingishiki.

Kijana wako

Jumatano, mchana

Mabonga, salamu baadaye. Umetoa zile ziko na alama ya makaa? Hizo niliongezea chini ya kuku baadaye, zingine zikiwa zimeshalaliwa siku kadhaa. Ndio maana niliweka alama, na nikasahau kukuambia. Bado ni changa, zitatingishikaje?

Mama

Jumatano, mchana huo huo

Mama, ni hizo hizo. Nilidhani makaa ni uchafu, nikapangusa kabla nipeane.

Austine alikuwa bado anazungukia majirani, na nikisimama hapa mlangoni naona ndio anaondoka, anasukuma mkokoteni, anapanda mlima wa njia ya Kaptagat. Amepumzika mara moja, ameanza tena. Sijui kama ziko hai. Hata nikizishika sitajua. Simeon anasema nikiacha mashine saa hii nisirudi. Nimemwambia zile zingine ziko sawa, azifunike vizuri. Nimemwachia blanketi yangu.

Lazima niende sasa, mama, kwa sababu akishapita ule mlima ni mteremko mpaka kwa nguruwe.

Mabonga wako