Utepe wa Koti la Angelika

Louisville, 9 Novemba 2015

Dada yangu mpendwa Yudita,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini baridi ya Buffalo haijakushinda, na kwamba wazee unaowatunza kazini wanakuachia nguvu kidogo za kurudi nazo nyumbani. Sisi ni wazima, isipokuwa mkono wa mwanao Angelika, ambao bado umefungwa hogo la plasta. Amewaambia wenzake shuleni kwamba alipigana na simba.

Siku hizi naikumbuka sana kambi ya wakimbizi. Namkumbuka mama akituita kwa majina jua likizama, na wewe ukinitania kuwa nina miguu ya kobe, huku ukinisubiri. Naukumbuka zaidi ule usiku wa kuvuka mpaka. Mama alitufunika vitenge vyeusi, akatuonya kwamba mtoto anayeonekana ndiye anayepotea. Nilikuwa na miaka minne. Niliyashika maneno yale kama sala ya Baba Yetu.

Juzi kwenye simu ulisema Angelika abaki nami mwaka mwingine, kwa kuwa humwamini mtu kama unavyoniamini. Kabla hujaamua, ujue kwamba nilikudanganya kuhusu mkono wake: hakuteleza kwenye ngazi.

Kabla ya Halloween, ule usiku watoto wanapopita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, shule ilituma karatasi ikitaka watoto wavae nguo zinazoonekana gizani. Mwalimu mwenyewe alibandika utepe unaong'aa mgongoni mwa koti la Angelika. Usiku wenyewe ulipofika, nikaubandua. Tochi yake nikaiacha mezani, kisha nikamfunika kwa shali yangu nyeusi. Alinung'unika kwa Kiingereza chake kwamba anafanana na gunia la mkaa. Nikamwambia gunia la mkaa haliibiwi gizani, tukacheka.

Nyumba ya tatu, gari lilitoka uani kinyumenyume likamgonga. Mama aliyekuwa akiendesha alilia, akisema hakuona kitu chochote. Alisema kweli. Hicho ndicho nilichokuwa nimekitaka.

Kaka Silvano alinipigia kutoka Columbus, akanishauri ninyamaze, kwamba mfupa utaunga nawe dada utalala usingizi. Nilimtii. Lakini jana Angelika aliniuliza kama, ukipiga simu, aendelee kukuambia ni ngazi. Nilimjibu aseme gari.

Ukimtaka, Silvano atamleta Buffalo Jumamosi. Nguo zake nimeshazifua na kuzikunja.

Nisalimie wote wa kanisani. Mungu akulinde.

Mdogo wako,
Kostansia