Benchi la Akina Mama

Kulwa, pacha wangu,

Mama ameniambia niache sindano. Ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu kosa ni letu wawili, na wewe umeshalala.

Ni mwezi wa nne tangu tukuzike Kihesa, nyumbani kwa Mama Iringa. Huku mtaani kwetu Soweto mwanangu ameota meno. Viatu vyako anavaa shemeji yako. Vinambana, lakini hataki kuvivua.

Watu wanatushangaa. Tuliugua pamoja tukiwa wadogo, koo kisha viungo, na daktari akasema mioyo yetu yote miwili imeguswa. Nilipopata mimba walijua mimi ndiye nitakayetangulia. Sasa shangazi anasema mwanamke ana roho ya paka. Roho ya paka gani, Kulwa? Mimi nilikaa tu kwenye lile benchi.

Unalikumbuka? Sindano zetu za kila mwezi, zile za kulinda moyo, zilichomwa siku ya kliniki ya wajawazito. Ulikuja mara moja, ukakaa mwisho kabisa, kofia umeivuta hadi machoni. Mama mmoja akakupakatisha mtoto wake ili yeye akapimwe uzito, na mtoto akakukojolea. Uliondoka kabla hujaitwa. "Nirudi pale waniulize mimba yangu ina miezi mingapi? Doto, wewe mwandikie Mama kwamba nachomwa."

Nikacheka, nikaandika. Mwezi uliofuata nikaandika tena, na mwingine, na mwingine. Wewe ukaendelea kubeba magunia ya mahindi Mbalizi. Siku moja nilikuona umeinama njiani, unajifanya unafunga kamba za viatu ili upumue. Nami nikajifanya sijaona. Hilo linaniuma kuliko barua zote.

Barua hizo Mama amezitunza kwenye kopo la majani ya chai. Kila anayekuja kumpa pole anaambiwa, "Kulwa wangu hakukosa sindano hata moja." Kisha, kila nikienda kumwona, ananigeukia mimi. "Kama hazikumfaa mwenzio, wewe zitakufaa nini? Acha, mwanangu, zisije zikakumaliza na wewe." Analia akisema hivyo. Mwezi uliopita nilimsikiliza, sikwenda kliniki. Siku hizi nikipanda kile kilima cha kisimani nasimama mara mbili, na kamba za kufunga sina, navaa kandambili.

Keshokutwa napanda basi la Iringa. Nitalifungua lile kopo mbele yake na kumwambia kwamba mwandiko ni wangu na uongo ni wangu. Naogopa. Huenda akasema nimemuulia mwanawe. Nisamehe kwa kukuanika, ulikuwa mtu wa aibu.

Lala salama, ndugu yangu. Nakuahidi, siku ya kliniki nitakaa mwisho wa benchi, pale pale ulipokaa na kofia yako. Wakinipa mtoto nitampakata. Akinikojolea, sitaondoka.

Doto wako