Wavu Ulioachwa Mbele ya Cullercoats

Cullercoats,
Novemba 1878

Kwa dada yangu mpenzi Thomasin,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji Silas, pamoja na mtoto wenu ambaye hadi leo hatujambeba. Sisi huku tupo. Mama hajambo, ila vidole vimempasuka kwa baridi na kwa kubandua kome wa chambo miambani. Kapu lake la samaki bado analibeba mgongoni mpaka Tynemouth, na sauti yake haijapungua hata chembe; mtu akiwa kitandani kwake anajua leo chewa ni bei gani. Mimi ni mzima kupita kiasi. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usidhani naumwa, ni haraka ya kukusimulia.

Dada, mimi sasa ni mvuvi wa stima!

Nianze mwanzo. Unajua kazi ya kuvuta merikebu kuingia mtoni imelala. Stima nyingi zimefungwa gatini zinaota kutu. Nahodha Matthias Purdy, yule mnene wa ndevu nyekundu ambaye stima yake ameiita Hannah kwa jina la mkewe, alichoka kungoja. Akanunua wavu mkuukuu wa kukokota, pamoja na boriti yake ya kuuachamisha mdomo, akaufunga nyuma ya stima. Gati zima lilikufa kwa kicheko. Mmoja alimuuliza, "Purdy, hilo sufuria lako linakwenda kukoroga supu?" Mwingine akamshauri achukue na viazi kabisa, maana samaki watafika wameshachemka. Purdy akawajibu walete sahani.

Alihitaji mtu anayeijua sakafu ya bahari, wapi mchanga na wapi miamba ya kurarua wavu. Nikaenda mimi. Nyumbani nilisema nimepata kibarua cha kupakia makaa. Ningefanyaje? Baba unamjua. Mtu aliyekataa kukanyaga kanisani siku ya harusi yako, eti bwana harusi ni mtia makaa wa stima, angenipokea mimi kwa chai? Kwake moshi unafukuza samaki, na nyavu za kukokota zinazoa mishipi ya watu. Na kwa hili la mishipi, dada, hasemi uongo.

Laiti ungekuwapo siku ya kwanza! Upepo haukuwapo kabisa. Mashua za matanga zilikuwa zimelala kama ng'ombe waliokwisha kushiba, na sisi tukapita katikati yao, magurudumu ya stima yanachapa maji pande zote mbili, amari, ile kamba nene ya kuvutia wavu, imekaza nyuma yetu, chombo kizima kinatetemeka mpaka meno yanagongana. Sikujua kama tunavua au tunalima. Tulipouvuta wavu na Nahodha akafungua fundo la mfuko wake, samaki walimwagika wakatufika magotini: chewa, gayogayo wapana kama sinia, taa wakubwa wanapiga mikia. Fundi wetu wa injini, Mskoti mmoja mkavu asiyecheka, akachungulia kutoka shimoni kwake na kuuliza ni nani amehamishia soko huku. Purdy akaanza kucheza na mabuti yake, akateleza, akakaa juu ya taa, akaendelea kuchekea hukohuko chini. Tuliporudi gatini hakuna aliyetaja supu. Kesho yake wale wale wachekaji walikuja mmoja mmoja kuuliza boriti ile huuzwa wapi.

Sasa sikia yaliyotokea Jumanne iliyopita. Asubuhi bahari ilikuwa shwari kama maziwa, na mashua zote za Cullercoats zilitoka. Kabla ya adhuhuri upepo wa mashariki ukashuka kwa ghafla, mawimbi yakasimama. Sisi wavu ulikuwa chini, nao umejaa hata amari inalia. Wengi waliwahi kuingia bandarini. Nikaona mashua moja imebaki, tanga limepasuka, inasukumwa kuelekea miambani, na juu ya tanga lile nikakitambua kiraka alichokishona Mama. Nikamwambia Nahodha yule ni Baba, na Baba Mdogo Gawen yuko naye.

Purdy akaitazama mashua, kisha akaitazama amari. Kuuvuta wavu kungechukua muda tusiokuwa nao, na kukimbia nao hatuwezi. Akaniambia, "Cuthbert, wavu huo ndio nyumba yangu." Halafu akachukua shoka kwa mkono wake mwenyewe. Amari ilipokatika, Hannah iliruka mbele kama mbwa aliyefunguliwa mnyororo. Mskoti alikuwa anashindilia makaa huku anaimba zaburi, na dohani inatema cheche.

Tulipowafikia nikarusha kamba. Unajua Baba alisema nini, maji yamemfika kiunoni? "Nendeni zenu! Mimi sivutwi na birika la chai!" Baba Mdogo akamkatiza, nami nikamsikia mpaka huku juu: "Kaka, wewe zama na heshima yako. Mimi nina mke!" Akaidaka kamba, akamfunga Baba kwanza, kwa nguvu. Tukawapandisha wote wawili. Mashua ilituponyoka, ikaenda miambani, ikawa kuni.

Baba alipofuta chumvi machoni aliniona mimi, mweusi kwa masizi kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akanitazama sana. "Kumbe haya ndiyo makaa unayopakia." Ndipo akakiona kipande cha amari kinaning'inia tezini, nyuma ya stima, kimekatwa. Mvuvi hahitaji kuelezwa. Akamuuliza Purdy kama wavu ulikuwa na kitu. Purdy akasema ulikuwa umejaa. Baba akampa mkono, na hakuuachia mpaka tulipoingia mdomo wa mto.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haina pa kukanyaga, ni nyuzi tupu. Baba na Mama wanamfumia Purdy wavu mpya, na Baba ameshikilia matundu yawe makubwa, samaki wadogo wapite wakakue. Jirani mmoja alipita akamuuliza, "Ephraim, unafuma shela ya bibi harusi?" Baba akamjibu, "Ndiyo, na wewe hujaalikwa."

Sasa, dada, nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Baba ameniagiza nikuandikie kwamba Hannah itafika huko kwenu Hartlepool Jumamosi, kuuza samaki, kwa kuwa bei ya huko ni nzuri, na nisiongeze neno. Mimi naongeza. Bei ya huku ni bora kuliko ya huko. Hakuna hata mmoja wetu mwenye shughuli Hartlepool. Baba sasa anafanya kazi nasi ndani ya stima, yeye ndiye anayetuonyesha pa kushusha wavu wa kuazima tunaoutumia kwa sasa, na safari hii ameiomba yeye kwa Nahodha, kofia mkononi.

Juzi tukifuma aliniuliza, bila kuinua macho, mtoto wenu anaitwa nani. Nikamwambia mmempa jina lake. Akakosea fundo, akalifumua, akalikosea tena. Na jana tukiwa baharini alishuka shimoni, akamnyang'anya Mskoti sepetu, akatia makaa mwenyewe mpaka shati likamganda mwilini. Alipopanda juu alisema, "Hii ni kazi ya mwanamume." Hakumtaja mtu. Mimi nilijua anamsema nani.

Basi njooni gatini maji yakijaa, wewe, Silas na Ephraim mdogo. Usimwambie Baba kwamba nimekuambia. Akisema amekuja kuuza samaki, mnunulie samaki.

Mama anakusalimu kwa machozi, na anauliza mtoto amefanana na nani. Baba Mdogo Gawen naye anakusalimu. Amesema nikwambie bado ana mke. Mpe shemeji mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Cuthbert Harbottle