Siku Kaka Nassor Alipokuja Ibra

Dada Zuwena,

Kaka Nassor amekuja. Ilikuwa siku ya mwisho ya azaa, ya matanga yako, wanawake wa mtaa wameshaondoka, tumebaki sisi wa nyumbani. Mwanawe akamshika mkono akamwingiza ndani. Ametoka Nizwa asubuhi, na magoti yale. Nikasema basi, leo atayatoa yote.

Unajua mwenyewe tulivyokuwa naye. Tangu London, mwisho wa miaka ya sitini, ulipoikataa posa ya yule daktari ukamwambia Baba, "Mimi si seti ya vikombe, niwekwe kabatini wageni wanione." Maskini Baba, na kazi yake ya ofisini, na mapazia yake, na khofu ya watu watasema nini. Unguja tumeshaipoteza kwa Mapinduzi, akisema, tusipoteze na heshima. Tukatoka kwake mimi na wewe, na begi moja. Tukahamia nyumba ya wale vijana wa nywele ndefu, tunalala magodoro ya chini, tunaandamana kupinga vita, wewe miguu mitupu, mimi na suruali. Ukisimama kusali pembeni, wao wanaweka magitaa chini mpaka utoe salamu. Hilo nyumbani hawakulijua. Walijua suruali tu.

Kaka akasema jina lako lisitajwe kwake. Hata tulipohamia sote Oman, yeye Nizwa na sisi Ibra, tukikutana harusini hutupa salamu ya mbali akapita.

Sasa mjukuu wako Shaima, si unamjua haogopi mtu, akamuuliza, "Babu, kweli Bibi alikuwa anatembea London hana viatu?"

Nikainamisha kichwa.

Kaka akaweka kikombe cha kahawa chini. Kisha akasema, "Kweli. Nilimuona. Nikitoka kazini nilikuwa napita barabara yao, nasimama ng'ambo, natazama dirisha lao. Siku moja wanaimba. Nilitaka kupanda, wallahi. Nikamuogopa Baba." Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Zuwena hakuogopa. Mimi niliogopa, nikamkasirikia yeye."

Nililia, Dada. Lakini kilikuwa kilio cha kushusha pumzi. Miaka yote hiyo nikidhani anatuonea haya, kumbe alikuwa akitutamani. Akala halwa, akaomba kahawa tena, akatuchekesha kwa kumuiga Baba akikunja gazeti. Nikageuka nikutazame wewe unavyocheka, na wewe... Basi. Hapo ndipo paliponiuma.

Alasiri tulimpeleka makaburini. Ulimsikia, naamini. Alisema nawe kwa sauti ndogo, nami nikasogea pembeni niwaache.

Lala kwa amani, dada yangu. Mungu akupanulie kaburi, akutilie nuru. Idi hii nakwenda Nizwa, Kaka ameniita, na Shaima nakwenda naye. Njia nzima atauliza. Nakuahidi nitamjibu kila neno, na sitoteremsha sauti.

Mdogo wako,
Rahma