Rimu Iliyotupa La

Misiera, Nakivale
Alhamisi asubuhi

Kwako Yaya Baudouin, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu mingi, wewe na wifi yangu Marie na watoto. Sisi huku tuko wazima. Mguu wa Baba umepungua kuvimba, kikohozi kinamsumbua asubuhi tu, na juzi alikula sombe akaomba tena. Mihogo yetu imekubali mwaka huu. Na ninyi huko Norwei mmeamkaje na hiyo baridi? Watoto bado wanasema Kiswahili, au wameshakitupa?

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Yaya, kwa simu ungenikata na maswali, na mimi unanijua: nikikatwa nakasirika, nikikasirika nadanganya. Kwa hiyo nimeandika, halafu nitapiga picha kurasa zote nikutumie leo. Lazima zifike kabla ya Jumatatu. Mutware amenionyesha ujumbe wako. Umemwandikia kwamba Jumatatu utaondoa jina lako kwenye mtihani wa orkestra, kwamba violini umeshaifungia kabatini, kwamba mtu aliyewapa watu wake la ya uongo, ile noti ya kukazia nyuzi, hana uso wa kukaa mbele ya waamuzi. Nakuomba kwa magoti, usiondoe jina mpaka ufike mwisho wa barua hii. Na usiruke ukurasa, nakujua.

Mutware ana mdomo. Yeye anapiga selo vizuri, lakini habari haiwezi kulala tumboni mwake hata usiku mmoja. Alikueleza mambo ya Mbarara akicheka. Ngoja nikueleze bila kicheko.

Kuna mama mmoja Mbarara, Madamu Ruqayah, ana shule ndogo ya muziki karibu na soko. Anatafuta mwalimu wa violini. Alisikia habari zetu, akatuita wote wanne: mimi, Annonciata, Gradi na Mutware. Alisema anataka kutusikia pamoja na piano, na kama nitampendeza, kazi ni yangu. Tulifanya repetisio, mazoezi yetu ya pamoja, wiki tatu kanisani, kila siku kama ulivyotufundisha. Baba anagonga ile rimu ya lori tuliyoitundika mara moja, tunanyamaza, tunaisikiliza mpaka iishe, ndipo tunakaza nyuzi. Hakuna anayegusa uta kabla rimu haijanyamaza. Hata watoto wa kwaya wanaijua ile sheria.

Wengine bado wanakumbuka siku ulipoenda Isingiro kuitafuta. Wauza vyuma walidhani umerukwa na akili, mtu mzima anagonga rimu za lori moja moja, diapazoni, kile chuma chako cha kutoa la, sikioni. Ulizikataa zote mpaka ukapata moja iliyojibu la sawasawa, ukaileta juu ya pikipiki umeikumbatia kama mgonjwa. Diapazoni uliondoka nayo, rimu ukatuachia. Tangu hapo hakuna aliyetafuta la kwenye simu wala mashine yoyote. Baudouin amechagua, basi.

Mbarara tukaketi. Tulikuwa tumeshakaza nyuzi nyumbani, kwenye rimu, tena tukajiona wajanja kwa kutopoteza wakati wa wenyeji. Mpiga piano wao, kijana mpole anaitwa Sulaiman, akatupa ishara. Tukaanza ile sehemu ya polepole. Yaya, ilikuwa kama ugali wenye mchanga. Piano huku, sisi kule, nusu sauti nzima chini yake. Nikaona shingo ya Gradi inalowa jasho. Sulaiman aliacha mwenyewe, akagonga la ya piano, akatuangalia kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyoniuma.

Madamu Ruqayah akauliza ni nani aliyetupa la yetu. Annonciata, bila ubaya, akamweleza yote: rimu, Isingiro, wewe. Mutware akacheka, akasema kumbe lile sikio maarufu lilikuwa na nta. Madamu hakucheka. Alinigeukia mimi akasema polepole: "Mimi naona mwalimu yenu alikuwa na sikio mbaya. Pole sana."

Na mimi sikukutetea.

Tukakaza nyuzi upya, kufuata piano. Uzi wa Gradi ukakatika pale pale. Violini ya Baba, ninayoipiga mimi, ililia tumboni, ule ubao uliopasuka njiani tulipokimbia ukaanza kusema kri, kri, nikawa nakaza kwa ncha ya vidole huku nimefunga macho. Ilivumilia. Tukapiga, watatu tu na piano. Sijui tulipigaje. Mwishoni Madamu akasema uta wangu una adabu, na kazi ni yangu nikikubali kusahau mazoea ya zamani. Akanipa karatasi ya kujaza. Kulikuwa na fasi ya jina la mwalimu aliyenifundisha. Akanishauri niiache tupu, kwa faida yangu. Nikaiacha tupu, Yaya. Nikatia sahihi.

Sasa kaa chini.

Rimu iliyokuwa inaning'inia kanisani siyo yako.

Unakumbuka mwaka juzi, walipopunguza posho hapa kambini, nilikuambia tunaendelea vizuri? Hatukuwa tunaendelea vizuri. Baba alikuwa anatoka kuumwa, siku tatu alikunywa chai ya mchaichai tu, siku ya nne hakuweza kuinuka. Siku hiyo batu bote walikuwa Base Camp kwenye mstari wa kuhakikiwa. Jamiru, yule mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Mbarara, akapita na gari lake. Akaiona rimu yako, akaipigapiga kwa kidole, akasema hii ni ya zamani, nzito, siku hizi hawatengenezi hivi. Nilimwambia si ya kuuza. Akaenda. Nikamkimbilia barabarani, mimi Orpa, kanga inaning'inia.

Kwa rimu yako alinipa unga, maharage na mafuta, na rimu nyingine nyepesi iliyokuwa imetupwa nyuma ya gari, ili ndoano isibaki tupu. Niliigonga kabla ya kuitundika. Ilijibu chini. Nilijua saa ile ile. Sikio lako sina lote, lakini kidogo ninalo. Nikaitundika, nikaipaka masizi ifanane.

Kesho yake kwenye repetisio, Annonciata akasema violini yake imepanda usiku. Gradi akasema ni joto. Mutware akalaumu selo yake, akaitukana. Kila mmoja alilaumu nyuzi zake, hakuna aliyeilaumu rimu, kwa sababu rimu uliichagua wewe. Mmoja mmoja wakalegeza. Mimi nikalegeza pamoja nao. Ndivyo tulivyokaa miaka miwili, tunapatana sisi kwa sisi, na hatupatani na mtu mwingine yeyote duniani.

Basi, sikio lako halina kosa. Halijawahi kuwa na kosa. Kosa ni langu, na nikakuacha ulibebe mbele ya wageni kwa sababu nilitaka kazi.

Jana, Mutware aliponionyesha ujumbe wako, nilienda kwa Baba. Alikuwa anapukuchua maharage mlangoni. Nikapiga magoti nikamweleza yote, tangu Jamiru mpaka ile karatasi. Hakuacha kupukuchua. Nilidhani hajanisikia, nikaanza upya. Akaniinulia mkono.

"Nilisikia asubuhi ya kwanza," akasema. "Nilitaka kutupa nyundo. Lakini nilikuwa nimekula."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema angeuliza rimu imeenda wapi, angelazimika pia kuuliza ule unga ulitoka wapi, na hakuwa na nguvu ya kusikia jibu. Kila asubuhi akaigonga kwa mkono wake, akijua. Kisha akasema habari yako hakuijua, kwamba ulikuwa unaumia huko. Hapo ndipo alipolia. Yaya, sijamwona Baba akilia tangu tulipovuka mpaka.

Leo asubuhi hakugonga. Watu wamekuja wenyewe kuuliza kama kuna msiba. Nilisimama mbele yao nikasema kila kitu, kama nilivyokuandikia wewe. Annonciata ameondoka bila kunisalimia, ana haki yake. Mutware, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakucheka. Baadaye alinifuata nyuma ya kanisa akaniuliza kama nimekuandikia, akasema nifanye haraka.

Kesho naenda Mbarara. Nitamwambia Madamu Ruqayah ukweli, nitaandika jina lako kwenye ile fasi tupu, kisha aamue mwenyewe kama bado ananitaka. Rimu yako hatutaipata tena. Nimempigia Jamiru simu, anasema iliyeyushwa zamani, labda sasa ni nondo za nyumba ya mtu.

Ile nyepesi Baba ameishusha mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Ndoano iko tupu. Kwa hiyo tunalo ombi, na si langu peke yangu, Gradi na Mutware wamenituma, na Baba pia. Jumamosi saa kumi za kwetu tutakuwa kanisani. Fungua kabati. Tupigie simu, utupe la, moja tu, ndefu, kwa violini yako, siyo diapazoni. Baba atashika simu juu, pale pale kwenye ndoano. Nyuzi zetu zote tumeshazilegeza, na hakuna atakayegusa uta mpaka utakapomaliza.

Salamu kwa Marie, wabusu watoto, na uvae soksi mbili. Mungu akulinde wewe na sikio lako.

Mimi mdogo wako mwenye kosa,
Orpa