Kiluwiri wa Bwawa la Tatu

Mwaka umetimia, mke wangu, tangu ulipotutoka, na kabla sijakusifu hata kidogo niseme hili mbele za watu: mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Sisemi siku uliyofariki. Siku hiyo hapakuwa na mjinga. Ulikuwa unakunja nguo, ukakaa kitandani kama mtu aliyekumbuka jambo, na shati langu likabaki limekunjwa mkono mmoja. Nasema siku ya mabwawa, wiki tatu kabla.

Ila nianzie mbali kidogo, maana wengine watakaosoma tangazo hili la kumbukumbu hawakukujua, na wengine walikujua sokoni tu, na huko si wote waliokupenda.

Miaka ishirini na sita ulikagua mizani. Ukiingia sokoni na kisanduku chako cha mawe ya kupimia, wauza nyama walianza kukohoa, meza kwa meza, kupeana habari. Yuko mmoja aliyekuita dada, akakuulizia hali ya watoto, halafu akakufungia kilo ya maini, zawadi. Ukayatandaza maini yale yale kwenye mizani yake, ukaweka jiwe lako upande wa pili, ukatazama, ukamwambia, "Kaka, hata zawadi umeipunja." Jioni nikakuuliza kwa nini hukumezea tu, mtu mwenyewe alikuwa mkarimu. Ukasema, "Mizani haina shemeji."

Na nyumbani ulikuwa hivyo hivyo. Nikisema nimechelewa dakika tano, ulitazama saa ukasema, "Arobaini na mbili," kisha ukanipakulia. Kwanza ukweli, halafu chakula. Lakini chakula hakikukosa kuja, na kilikuja kimefunikwa.

Ulikubali kuolewa na dereva wa lori mwenye maneno mengi kuliko breki. Nilipolipindua lile lori nikalala miezi minane na mguu umening'inizwa, hukusema "nilikwambia," ingawa uliniambia, tena mara tatu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi ulimwengu ulinifunza kwa viboko, na wewe ukanipaka dawa. Ukatundika kopo la maji nje ya dirisha langu ili ndege waje kunywa, mgonjwa apate cha kutazama zaidi ya dari. Wakaja. Nikawapa majina ya wadeni wangu. Wewe ukaazima kitabu ili ujue majina yao ya kweli. Mimi nilipona, wewe hukupona.

Hivyo ndivyo ulivyoingia katika chama cha watazama ndege wa kanda. Kwa asiyekijua: ni watu ishirini hivi, darubini kumi na moja, na chumba cha kuazima nyuma ya duka la mikate, ndiyo maana wote ni wanene. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wanatoka alfajiri, wanatembea, wananyamaza. Saa tano wanarudi chumbani, chai inamiminwa, na Katibu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, anasoma orodha kama anaita majina darasani. Akitaja ndege, waliomwona wanajibu, "Nimemwona!" Sauti mbili, ndege anaandikwa. Sauti moja, Katibu anahesabu mpaka tatu kimoyomoyo, anasema, "Ameruka," na kalamu inapita.

Sheria hiyo ya sauti mbili uliileta wewe. Kabla yako kila mtu aliandika alichotaka, na mwokaji wetu wa mikate alikuwa anaona tai watatu kila mwezi. Ukawaambia orodha isiyo na shahidi ni hadithi. Walikununia mwezi mzima. Kisha wakakuzoea, kisha wakajivunia, wakawa wanawaambia wageni kwamba orodha yao haijawahi kupingwa na mtu yeyote.

Kuna ubao katika chumba kile, umepigiliwa juu ya mlango. Umeandikwa majina manne ya wanachama waliofikisha aina mia tatu za ndege. Ulikuwa unajifanya huuoni. Lakini ni nani aliyekuwa anapanda kiti kila mkutano kuufuta vumbi? Nikakutania, "Unawafutia wenzako au unajipimia nafasi?" Ukasema, "Shika kiti, wewe." Wakati huo ulikuwa na mia mbili tisini na tisa.

Sasa siku ya mabwawa. Wanaume wenzangu huwapeleka wake zao ufukweni. Mimi nilipelekwa na mke wangu kwenye mabwawa ya majitaka, nyuma ya mji, mahali ambapo hata nzi huja wamejikaza. Wewe ulivuta pumzi kama uko bustanini. Wenzetu walizunguka upande wa pampu, sisi wawili tukabaki bwawa la tatu kwa sababu ya mguu wangu, tumekaa kwenye bomba kuukuu. Darubini yako ilikuwa imefungwa kwa kamba ya kiatu. Kiatu kilikuwa changu.

Ulikaa dakika hamsini ukitazama pengo moja la matete, dogo kama mlango wa banda la kuku. Mimi nilishaanza kumenya yai. Ndipo ukaniwekea mkono gotini na kusema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipozaa mtoto wa mwisho, "Huyo. Huyo. Tazama."

Nilikuwa nimeinamia kipande cha gazeti tulichofungia chumvi. Nilipoinua kichwa, matete yalikuwa yanatikisika.

"Umemwona?" ukauliza.

"Nani?"

Hukukasirika. Ulikuwa na machozi, na hayakuwa ya hasira. Ulinieleza: kiluwiri mwenye madoa, ndege wa matopeni, mwenye haya kuliko bi harusi, mpita njia ambaye kandani kwetu hajawahi kuandikwa. Alitoka, akapiga hatua nne, akatikisa mkia, akarudi ndani. Hatua nne. Ulizihesabu, bila shaka.

Saa tano tukawa chumbani. Katibu akafika mwisho wa orodha, akauliza kama kuna nyongeza. Ukataja yule kiluwiri. Chumba kizima kikaacha kutafuna. Ukasema, "Nimemwona," na kila mtu akageuka kunitazama mimi, maana walijua tulikaa pamoja, na walijua ni wa mia tatu. Mwokaji alikuwa tayari amesimama, nadhani ili akukumbatie.

Nami, badala ya kusema "mimi sikumwona" kama mtu mzima na kukuomba radhi, nikasema, "Mimi ndege niliyemwona alikuwa bado yai, na nimeshamla."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Ukacheka na wewe, tena kuliko wote. Katibu akafuta macho, akahesabu mpaka tatu, akasema, "Ameruka." Ukafunga daftari lako taratibu ukakimalizia kikombe chako.

Tukaanza kurudi nyumbani. Wewe ndiye uliyenibembeleza. "Atarudi," ukasema. "Mwezi ujao tutakaa pale pale, na wewe mayai utakula nyumbani." Mwezi ujao haukukufikia.

Umetuachia mambo mengi, mke wangu. Kopo la maji bado linaning'inia, na mimi ndiye ninayelijaza; wanaokuja kunywa sasa nawaita kwa majina yao ya kweli, wengi wao. Wale wauza nyama uliowatesa walikuja mazikoni wote, wakasimama mstari mmoja, na mmoja akaniambia kwa huzuni kabisa, "Shemeji, sasa tutaiba mpaka tuchoke." Alikuwa analia. Mwanao mkubwa hupima kila kitu mara mbili kabla ya kukichomelea, na hajui tabia hiyo ameipata wapi. Nguo zako zimekunjwa. Shati langu sikulimaliza kulikunja, sitaki kusema kwa nini.

Na liko jambo moja la wiki hii. Katibu alinijia nyumbani Jumatatu, akakataa chai, nikajua ana neno. Chama kina desturi: daftari la mwaka huachwa wazi miezi kumi na miwili, ili shahidi aliyechelewa apate nafasi. La mwaka wako linafungwa Jumamosi hii, na likishafungwa halifunguliwi. Akatazama viatu vyake, akasema, "Shemeji, ulikuwa umekaa pale pale. Fikiria vizuri. Pengine ulimwona ukasahau." Mwalimu wa hesabu huyo. Akaongeza kwamba mchora maandishi ameshaulizwa, rangi ipo, na nafasi ya jina la tano kwenye ubao inakutosha.

Sikulala vizuri. Jana nikakaa na binti yetu wa mwisho, yule mfamasia, nikamtajia maneno ya tangazo hili naye akaandika. Alivumilia habari za mayai. Alivumilia habari za majitaka, ingawa aliuliza kama ni lazima. Tukafika kwenye majina, nayo ni haya. Wanaokukumbuka ni mimi mumeo, dereva mstaafu. Mwanao mkubwa, fundi wa kuchomelea, na mkewe. Binti yako mfamasia. Wajukuu wako wawili, ambao wanajua kunyamaza nusu saa nzima, jambo ambalo babu yao hajaliweza. Dada yako mshonaji, aliyebaki na darubini yako pamoja na kamba yangu ya kiatu. Na wanachama wote wa chumba cha nyuma ya duka la mikate. Hatujakusahau, wala hatuna mpango huo.

Chini ya hapo nikamwambia aongeze mstari mmoja: "Nami mumeo nathibitisha kwamba kiluwiri wa bwawa la tatu nilimwona."

Akaiweka kalamu mezani.

"Baba, hiki nini?"

"Ushahidi."

"Ulimwona?"

"Niliona matete yakitikisika."

"Yakitikiswa na nini?"

"Na huyo ndege, na nini tena!"

"Au na upepo."

"Hakukuwa na upepo. Upepo ungekuwapo, harufu ya bwawa ungeikuta mpaka leo kwenye nguo zangu."

Hakucheka. Ana uso wako akikataa kucheka. Nikamwambia basi, tuache mzaha. Mama yako alimwona, nikasema, mimi na wewe na Katibu na kila mtu mle chumbani tunajua alimwona, hakuwahi kusema uongo hata kwa mgonjwa. Jina lake lilikuwa limefika mlangoni. Mimi ndiye niliyelifukuza kwa mdomo huu, kwa ajili ya kicheko cha watu ishirini. Niache nilirudishe kwa mdomo huu huu. Nani ataumia? Nani atanipinga? Wote wanasubiri niseme tu.

"Hata siku ile wote walikuwa wanasubiri useme, Baba," akanijibu. "Mama angetaka shahidi wa hivyo, angekugusa kiwiko pale pale chumbani, useme ulimwona."