Fomu ya Kumchoma Fundi Magan

Korogwe, Jumatano. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na leo nimejichukia, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mimi ni karani wa boma, Mzigua wa Handeni. Mwandiko wangu hata Bwana DC, Mwingereza, anausifu, na sioni haya kulisema.

Wiki mbili zilizopita alifariki Fundi Magan, Mhindi mshona viatu wetu. Mkewe, Mama Ratan, akaja ofisini kuomba kibali cha kuchoma maiti ya mumewe kando ya mto kabla jua halijazama. Siku hizi DC hampi mtu kibali, anaipa dini. Ipo fomu: jina la dini, kitabu chake, siku ya ibada, kiongozi.

Nikamuuliza Ijumaa yao ni lini. Akaeleza kwamba ukoo wao una mungu wao wa kike. Wanamwashia taa, na kila mwaka wanamchinjia jogoo. Kitabu hajawahi kukiona. Velji mwenye duka ana mungu mwingine, hali nyama, na nyumbani kwa mshona viatu hata maji hayanywi. Wahindi wengine wa hapa mjini nao wana mambo yao.

Sasa yote hayo ningeyaandikaje kwenye mstari mmoja, na maiti inangoja?

Nikaandika. Dini: Uhindu. Kitabu: kile nilichowahi kukiona juu ya meza ya Velji. Siku ya ibada nikaitunga. Kiongozi: Velji, maana ndiye tajiri na Kiingereza anakijua. DC akatia saini bila kuinua kichwa. Fundi akachomwa kwa heshima, nami nikajiona mwanamume.

Leo Mama Ratan kaja nyumbani kwangu, kalowa chapachapa. Velji amemkataza kuchinja jogoo. Eti dini yetu haina damu, na yeye ndiye kiongozi, boma linamtambua. Akichinja, basi siku yake ya kufa asitegemee kibali.

Hakulia. Alisema, "Bwana karani, mume wangu hakuwahi kukaribishwa kiti kwa Velji. Leo Velji ndiye wa kunifundisha kumwomba mungu wangu?"

Mimi ninayejibu barua za wazungu, nikamvutia kiti akae.

Baba yangu ni Mwislamu, swala tano hazimpiti, na kila mwaka huenda kutambika makaburini kwa babu zetu. Hajatokea mtu wa kumuuliza kiongozi wake nani. Angeulizwa, angemcheka huyo mtu mpaka machozi.

Nina hasira na Velji. Ila Velji hakuijaza ile fomu.

Nimemwambia Mama Ratan achinje jogoo wake. Nami asubuhi, kazi ikinipotea na inipotee, nitasimama mbele ya Bwana DC nimwambie kwamba kiongozi wa Wahindu wa Korogwe nilimteua mimi, Mzigua, kwa haraka, kabla ya chai ya saa nne.